NGUO KUUKUU ZILIVYOPAMBA NYUMBA ZA MASKINI UINGEREZA

Uingereza ni nchi ya baridi. Katika miezi ya Desemba, Januari na Februari, maji yaliyo nje huweza kuganda yakawa barafu. Zamani, watu wa vijijini walikaa ndani jioni nzima karibu na moto. Sakafu ya nyumba ilikuwa ya mawe au ya matofali. Mtu akiikanyaga bila viatu, baridi ilimpanda hadi magotini.

Habari tunayotaka kuwasimulia ni ya wakati wa Malkia Victoria. Malkia huyo alitawala tangu mwaka 1837 hadi mwaka 1901, yaani zaidi ya miaka 63. Wakati huo Uingereza ilikuwa nchi tajiri sana. Ilikuwa na viwanda vingi, reli na meli. Ilitawala pia nchi nyingine nyingi. Lakini utajiri huo haukuingia katika kila nyumba. Mkulima aliyeajiriwa katika mashamba ya watu wengine alipata mshahara mdogo. Katika vijiji vya Oxfordshire, miaka ya 1880, mshahara wake ulikuwa kiasi cha shilingi 10 kwa wiki. Hizo ni shilingi za Uingereza, na shilingi 20 zilifanya pauni moja. Kwa fedha hizo alilisha mke na watoto, akalipa kodi ya nyumba na kununua viatu.

Katika eneo hilo kuna kitongoji kiitwacho Juniper Hill. Hapo alizaliwa Flora Thompson mwaka 1876. Baba yake alikuwa fundi wa kujenga kwa mawe. Flora alipokuwa mtu mzima aliandika kitabu juu ya maisha ya kitongoji chao. Kitabu hicho, kiitwacho Lark Rise, kilitoka mwaka 1939.

Jambo moja katika kumbukumbu zake linastahili kutazamwa. Nyumba nyingi za pale zilikuwa na chumba kimoja tu chini. Waume karibu wote walipata mshahara ule ule. Hata hivyo nyumba hazikufanana. Nyumba nyingine zilikuwa tupu. Zilikuwa na meza, viti vichache, na gunia kuukuu la viazi lililotupwa chini mbele ya moto. Nyumba nyingine zilikuwa na mito ya viti, picha ukutani, maua katika vyungu dirishani, na mazulia ya rangi yaliyotengenezwa kwa mkono. Mazulia hayo yalitengenezwa kwa matambara.

ZULIA LA MATAMBARA

Tusiwaharakie wale wenye nyumba tupu kwa kuwaita wavivu. Mama mwenye watoto saba na mtoto mchanga mgongoni hana jioni nyingi za kukaa na kushona. Lakini aliyepata nafasi aliweza kutengeneza zulia bila kutoa hata senti moja. Alihitaji gunia, nguo zilizochakaa, na kijiti kilichochongwa.

Gunia lilikuwa la juti. Juti ni zao lenye nyuzi ndefu, karibu kama katani. Lililimwa Bengal, nchini India, likapelekwa kwa meli hadi mji wa Dundee, Scotland. Huko viwandani lilisokotwa likafanywa magunia. Magunia ya sukari, ya unga na ya nafaka yalipokwisha kazi dukani, yaliuzwa kwa bei ndogo au yalitolewa bure. Akina mama waliyafua, wakayafumua mishono, wakapata kitambaa kikubwa kigumu chenye matundu madogo.

Kazi hii ilikuwa maarufu sana kaskazini mwa Uingereza, katika vijiji vya wachimba makaa ya mawe vya Durham na Northumberland. Ilifanyika hivi.

Kwanza baba alitengeneza fremu ya mbao, kama kitanda kisicho na kamba. Gunia lilishonwa katika mbao mbili ndefu za fremu hiyo, likavutwa mpaka likakaza kama ngozi ya ngoma. Kisha mama alichukua kijiti kilichoungua motoni akachora mapambo juu ya gunia. Kama alitaka duara, aliweka sahani au kikombe akakizungushia mkaa.

Watoto walikata nguo kuukuu. Kila kipande kilikuwa na urefu kama wa kidole cha mkono, na upana wa kama sentimita 1 au 2. Vipande vilitenganishwa kwa rangi. Vyeusi huku, vya kijivu huku, vya buluu huku.

Halafu watu waliketi pande mbili za fremu. Kila mmoja alikuwa na kijiti chenye ncha, mara nyingine kilichochongwa kutokana na kibanio cha mbao cha kuanikia nguo. Kwa kijiti hicho alitoboa tundu katika gunia, akasukuma ncha moja ya kitambaa ikatokea upande wa pili. Kando yake alitoboa tundu jingine, akasukuma ncha ya pili. Basi, kipande kimoja kimeingia. Akaendelea na kingine karibu yake, na kingine, na kingine. Hakuna fundo wala gundi. Vipande vikibanana vizuri, hushikana vyenyewe. Upande wa chini huonekana kama mishono mifupi, na upande wa juu ncha zote husimama kama manyoya ya kondoo.

Zulia moja lilihitaji maelfu ya vipande. Kazi ilichukua wiki nyingi za jioni. Majirani walikuja kusaidia, na habari zote za kijiji zilizungumzwa hapo. Watoto wengi waliochoka kukata matambara waliichukia kazi hiyo, na hatuwezi kuwalaumu. Wengi walijitahidi zulia jipya liwe tayari kabla ya sikukuu ya Krismasi.

Msomaji akipenda kujaribu, atumie gunia la juti au la katani, si la plastiki. Aanze na dogo la kufutia miguu mlangoni.

RANGI ILITOKA WAPI?

Nguo za wachimba makaa na za wakulima zilikuwa nyeusi, za kahawia au za kijivu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya zulia ilikuwa ya rangi hizo. Pembeni palizungushwa mstari mweusi. Mapambo yalitokana na ile rangi kidogo iliyopatikana. Kitambaa chekundu kilikuwa adimu. Labda kilikuwa gauni la ndani la bibi, au koti kuukuu la askari, kwa sababu askari wengi wa Uingereza walivaa makoti mekundu. Mama aliyepata kitambaa chekundu alikitunza. Alikiweka katikati ya zulia, mara nyingi katika umbo la almasi, mahali ambapo moto ulikiangaza.

Vitambaa vya pamba vyenye maua navyo vilikuwepo, kwa sababu viwanda vya Lancashire vilitoa kitambaa kingi cha bei nafuu. Hapa wakulima wa pamba wajue jambo moja. Pamba nyingi ya viwanda hivyo ilitoka Marekani, na mpaka vita vya miaka ya 1861 hadi 1865 ililimwa na watumwa. Watumwa hao walikuwa Waafrika, watoto na wajukuu wa watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka bara letu. Kitambaa kilikuwa rahisi dukani kwa sababu aliyelima pamba hakulipwa kitu.

Vitambaa hivyo vya pamba havikutumiwa sana katika mazulia. Vilishonwa viraka kwa viraka vikawa matandiko ya kitanda.

FUNDI CHEREHANI WA WREXHAM

Kila mtu aliyeshona nguo alikuwa na mabaki. Lakini hakuna aliyeyatumia kama James Williams. Huyu alikuwa fundi wa kushona nguo katika mji wa Wrexham, nchi ya Wales. Mwaka 1842 alianza kuunganisha vipande vya nguo za sufi alivyobakiwa navyo kazini. Alifanya kazi hiyo baada ya saa za kazi, usiku kwa usiku. Alimaliza mwaka 1852. Miaka kumi!

Tandiko lake lina vipande 4,525. Si viraka vya mraba tu. Ni picha. Katikati yumo Adamu akiwapa wanyama majina. Pembeni kuna safina ya Nuhu, Yona na samaki mkubwa, na Kaini na Abeli. Halafu, pamoja na hadithi hizo za kale, Williams aliweka mambo mapya ya nchi yake. Kuna daraja kubwa la Menai lililoning'inizwa kwa minyororo, na kuna daraja la reli la Cefn na gari moshi likipita juu yake. Daraja hilo la reli lilikwisha kujengwa mwaka 1848, wakati Williams alikuwa bado anashona. Inaonekana aliongeza kila alichokiona kuwa cha ajabu.

Tandiko hilo halikuchanika wala kupotea. Leo ni mali ya makumbusho ya St Fagans, karibu na mji wa Cardiff. Yote hayo kutokana na vipande ambavyo fundi mwingine angevifagia nje.

UPATU WA WAJANE

Kwa wanawake wengine, kushona hakukuwa kazi ya kupamba tu. Kulikuwa ndiyo chakula.

Mgodi wa makaa ya mawe ni mahali pa hatari. Tarehe 16 Januari 1862, katika mgodi wa Hartley, Northumberland, boriti kubwa ya chuma ya mtambo wa kuvuta maji ilivunjika. Ikaangukia ndani ya shimo na kuliziba. Shimo la kuingilia na kutokea lilikuwa hilo moja tu. Wanaume na wavulana 204 walikufa. Mwaka huo huo ilitungwa sheria kwamba mgodi uwe na njia mbili za kutokea.

Msiba mkubwa kama huo ulisikika nchi nzima, na watu walichanga fedha kuwasaidia waliofiwa. Lakini wachimbaji wengi walikufa mmoja mmoja, jiwe likianguka hapa, kamba ikikatika pale. Hao hawakuchangiwa na nchi nzima. Sheria ya kumtaka mwajiri alipe fidia kwa aliyeumia au kufa kazini, bila kuthibitisha kwanza nani mwenye kosa, ilitungwa mwaka 1897 tu. Tena nyumba nyingi za wachimbaji zilikuwa mali ya mgodi. Mume akifa, mjane aliweza kutakiwa kutoka, ili nyumba apewe mchimbaji mwingine.

Mjane afanye nini? Wengi walijua kushona mifarishi. Mfarishi ni kama blanketi lenye tabaka tatu. Juu kuna kitambaa kizuri, chini kitambaa kingine, na katikati pamba au sufi. Tabaka hizo hushikizwa pamoja kwa mishono midogo sana inayofuata mapambo, kama majani, manyoya, kamba zilizosokotana na maua. Mapambo yalichorwa kwa kuzungushia kikombe, sahani, au karatasi ngumu iliyokatwa.

Mfarishi mzuri ulikuwa ghali kwa mke wa mchimbaji kuununua kwa mara moja. Basi mjane alianzisha chama ambacho sisi tungekiita upatu. Wanachama walilipa kidogo kila wiki, mara nyingi shilingi 1. Mjane alinunua vitambaa na pamba kwa fedha hizo, akashona mfarishi wa kwanza, akampa mwanachama wa kwanza. Kisha wa pili, kisha wa tatu, kwa zamu, mpaka wote wamepata. Fremu kubwa ya kushonea ilijaza chumba kizima, na watoto walipita chini yake kwenda kulala.

Tukihesabu saa zote alizoinama mjane juu ya fremu ile, malipo yake yalikuwa madogo sana. Hilo ni kweli na lisifichwe. Lakini alilipwa na majirani zake, nyumbani kwake, akiwa na watoto wake. Hakuwapeleka katika nyumba ya kazi ya mafukara, mahali ambapo mume, mke na watoto walitenganishwa na kulazwa mbali mbali. Maskini waliiogopa nyumba hiyo kuliko njaa.

UKUTA MWEUPE NA UKUTA WA KIJANI

Ukuta wa maskini ulipakwa chokaa. Moshi wa makaa ulichafua kila kitu, kwa hiyo chokaa ilipakwa tena kila mwaka, hasa baridi ilipokwisha. Wengine walitia ndani yake unga kidogo wa buluu, ule ule wa kufulia nguo nyeupe, ili ukuta uonekane mweupe zaidi. Juu ya chokaa zilibandikwa picha kutoka magazetini. Gazeti la picha liitwalo The Illustrated London News lilianza mwaka 1842, na mengine mengi yalilifuata. Gazeti lililokwisha kusomwa lilikatwa. Picha zilikwenda ukutani, na karatasi iliyobaki ilikatwa kwa mkasi kama lesi, ikatandikwa pembeni mwa rafu ya vyombo.

Nje ya mlango, akina mama wa kaskazini na wa Scotland walisugua kizingiti cha jiwe kwa udongo mweupe au jiwe laini, wakachora mistari na mizunguko. Mvua ikinyesha, yote hufutika. Kesho yake walichora tena.

Waliokuwa na fedha kidogo zaidi walinunua karatasi za ukutani. Karatasi hizi zina maua na mapambo, na hubandikwa ukutani kwa gundi. Viwanda vilipoanza kuzichapa kwa mashine, bei ilishuka sana. Rangi iliyopendwa ilikuwa ya kijani kibichi chenye kung'aa. Ilikuwa nzuri na rahisi. Lakini ilikuwa na sumu iitwayo aseniki, sumu ile ile iliyotumiwa kuulia panya.

Mwaka 1862, katika mtaa wa Limehouse mjini London, watoto wa familia moja walikufa mmoja baada ya mwingine. Karatasi ya kijani ya nyumba yao ilipopimwa, ilikutwa na aseniki. Mwaka mmoja kabla ya hapo, msichana wa miaka 19, Matilda Scheurer, alikufa London. Kazi yake ilikuwa kupaka unga wa kijani juu ya majani ya maua ya bandia. Unga huo ulikuwa na sumu hiyo hiyo, naye aliuvuta na kuula kila siku kwa vidole vyake.

Serikali ya Uingereza haikutunga sheria ya kukataza karatasi hizo. Madaktari na magazeti walipiga kelele, wanunuzi wakaanza kuuliza dukani kama karatasi ina aseniki, na wenye viwanda wakaona bora waiache. Kwa miaka hiyo yote, mama aliyepaka chokaa kwa sababu hakuweza kununua karatasi alikuwa na ukuta salama kuliko jirani yake.

KUCHORA KWA MAJANI

Wanawake wa nyumba zenye nafasi walikuwa na kazi zao za mikono. Walibandika kome na makombe juu ya visanduku, walitengeneza maua ya nta, walidarizi kwa sufi za rangi. Magazeti ya akina mama yaliwaeleza namna ya kufanya. Moja lililoanza mwaka 1852, The Englishwoman's Domestic Magazine, liliuzwa kwa peni 2 tu. Nyingi ya kazi hizo zilijaza nyumba vumbi, na sioni hasara kwamba zimesahauliwa.

Moja lakini ni nzuri na haina gharama. Chukua majani yenye umbo zuri, hasa ya madole, ambayo Waingereza wa wakati ule waliyapenda kupita kiasi. Yabane ndani ya kitabu mpaka yakauke na kulala bapa. Yapange juu ya karatasi nyeupe, kitambaa au ubao laini, na uyashike kwa pini. Chovya mswaki mkuukuu katika wino, uukung'ute kidogo, kisha uusugue juu ya kitana. Wino utaruka kama manyunyu. Rudia polepole mpaka pote pawe peusi. Wino ukikauka, ondoa majani. Mahali pake patabaki peupe, kila jani na umbo lake. Tandaza magazeti chini kabla ya kuanza, na usivae nguo nzuri.

VIKO WAPI LEO?

Mifarishi mingi ya wakati huo ingalipo. Ilikuwa mali ya kurithiwa. Iliwekwa sandukuni na kutolewa mgeni alipokuja, au mtoto alipozaliwa, au mtu alipofariki. Huko Durham kuna makumbusho ya Beamish, yaliyofunguliwa kwa watu mwaka 1972, nayo imehifadhi mifarishi na mazulia ya matambara ya wachimba makaa.

Mazulia ya wakati wa Victoria yenyewe ni machache sana. Zulia jipya lilipotandikwa mbele ya moto, lile la mwaka uliopita lilihamishiwa jikoni. La jikoni lilikwenda mlango wa nyuma, watu wakafutia viatu vyenye tope. Likichakaa zaidi alilalia mbwa, na mwisho likatupwa bustanini, likaoza pamoja na majani.